Viapo Vitatu vya Mfalme Sedekia

Bwana Yesu asifiwe.

Wachungaji, wazee wa kanisa, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma mpaka wengine mmesimama, nawashukuru kwa kunipa muda huu. Mada niliyokabidhiwa ni hukumu ya Mungu juu ya wafalme. Nadhani wengi mlitegemea nije na Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, au Belshaza na ule mkono ulioandika ukutani. Hao tunawahubiri kila mwaka, na wanastahili. Leo nataka tukae na mfalme ambaye tunampita haraka kwa sababu habari zake zimetawanyika: sura mwishoni mwa Wafalme wa Pili, aya chache za Mambo ya Nyakati, vipande katika Ezekieli, na sehemu kubwa katika Yeremia, tena bila kufuata mfuatano wa miaka. Ukisoma Yeremia 21 uko katikati ya vita. Ukifika sura ya 24 umerudishwa miaka kadhaa nyuma. Sura ya 34 inakupeleka vitani tena. Kwa hiyo anayetaka kumjua Sedekia hana budi kumkusanya.

Sedekia ndiye mfalme wa mwisho wa Yuda. Alikuwa mtoto wa Yosia, yule mfalme mwema, na mama yake ni Hamutali binti Yeremia wa Libna, Yeremia mwingine, siyo nabii. Nyumbani aliitwa Matania. Hakuna aliyemtazamia kitini. Kaka zake walitawala, kisha akatawala mtoto wa kaka yake, Yehoyakini, kijana wa miaka 18, kwa miezi mitatu tu. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza wa Babeli aliuzingira Yerusalemu. Yehoyakini akatoka mwenyewe pamoja na mama yake na wakuu wake, wakachukuliwa Babeli pamoja na mafundi na wahunzi. Nebukadreza akamshika baba mdogo wa kijana huyo, akamweka kitini, akambadilisha jina. Matania akawa Sedekia. Alikuwa na miaka 21.

Wababeli nao waliandika jambo hili. Lipo bamba la udongo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, linaloeleza kwa mistari michache kwamba mfalme wa Babeli aliuteka mji wa Yuda tarehe mbili mwezi wa Adari, akamkamata mfalme wake, akaweka humo mfalme aliyempenda mwenyewe, akatwaa ushuru mzito. Jina la Sedekia halimo. Kwa Wababeli alikuwa mtu waliyemweka tu.

Na walipomweka walimwapisha. Hicho ndicho kiapo cha kwanza. Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 36, inasema Nebukadreza alimwapisha kwa Mungu. Shikeni neno hilo. Sedekia hakuapa kwa miungu ya Babeli. Aliapa kwa jina la Mungu wa Israeli kwamba atakuwa mtiifu. Baadaye wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni walifika Yerusalemu, na Yeremia akatembea mjini na nira shingoni kuwaambia wote kwamba huyu wa Babeli ametumwa, msimpinge. Nabii Hanania akaivunja ile nira mbele ya watu na kuahidi kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatarudi kama zamani. Hanania alikufa mwaka huohuo. Lakini maneno yake yalikuwa matamu, nayo yakaendelea kuzunguka, mpaka mwisho Sedekia akaasi akitegemea farasi wa Misri.

Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, alitabiri juu ya uasi huo kwa mfano wa tai wawili na mzabibu. Mwishoni mwa mfano ule Mungu anasema jambo zito kabisa. Kiapo ambacho Sedekia alimwapia mfalme wa kipagani, mfalme mvamizi, Mungu anakiita kiapo changu. Agano lile analiita agano langu. Tungeweza kudhani kwamba neno ulilompa adui yako si neno. Ezekieli anakataa. Ukishalitaja jina la Mungu, mwenye deni lako amebadilika, na haijalishi tena ni nani alikuwa amesimama mbele yako.

Basi katika mwaka wa tisa wa Sedekia, mwezi wa kumi, siku ya kumi, jeshi la Babeli likaja na kuuzunguka mji. Ndugu zetu Wayahudi mpaka leo wanafunga kwa ajili ya siku hiyo.

Sasa tufungue Yeremia 34, maana hapa ndipo nataka tukae. Maadui wako nje ya ukuta. Miji yote yenye ngome imeanguka isipokuwa Yerusalemu, Lakishi na Azeka. Ndipo Sedekia anafanya jambo jema kuliko yote tunayoyajua katika utawala wake. Anafanya agano na watu wote wa Yerusalemu kwamba kila mtu amwache huru mtumwa wake na mjakazi wake aliye Mwebrania, asiwepo tena mtu wa kumtumikisha Myahudi ndugu yake. Hicho ndicho kiapo cha pili.

Jambo hilo halikuwa geni. Torati ilikwisha kusema: mtumwa Mwebrania atumike miaka sita, mwaka wa saba aende zake. Kumbukumbu la Torati 15 inaongeza kwamba usimwache aondoke mikono mitupu. Mpe katika kundi lako, na katika sakafu yako ya kupuria, na katika shinikizo lako. Kilichokuwa kinafanyika Yerusalemu ni kulipa deni lililochelewa vizazi vingi.

Walilipaje? Waliingia hekaluni, nyumba iliyoitwa kwa jina la BWANA. Ndama akaletwa, akachinjwa, akapasuliwa vipande viwili, nusu ikalazwa upande huu na nusu upande ule, katikati ikaachwa njia. Kisha wakapita. Yeremia anawataja: wakuu wa Yuda, wakuu wa Yerusalemu, matowashi, makuhani, na watu wote wa nchi. Fikirini upindo wa kanzu ya kuhani unavyopita karibu na nyama ile, na harufu ya damu mbichi, na ukimya wa watu wanaotazama wapi wanaweka mguu. Maana ya kupita pale kila mmoja aliijua bila kuelezwa: nikilivunja neno hili, nifanywe kama huyu ndama. Na mtakumbuka kwamba katika Mwanzo 15 vipande vya namna hiyo viliwekwa kwa ajili ya Abrahamu, lakini usiku ule Abrahamu hakupita. Kilichopita ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto. Mungu alipita mwenyewe. Hawa sasa wamepita kwa miguu yao.

Kwa nini walifanya hivyo? Maandiko hayasemi. Pengine ilikuwa toba ya kweli. Pengine ghala zilikuwa zinapungua, na mwenye nyumba akaona heri mjakazi akajitafutie chakula chake. Pengine ukuta ulihitaji mikono ya watu huru. Mimi nashangazwa na jibu la Mungu. Anasema, mlifanya lililo sawa machoni pangu. Hakuwahoji nia zao. Watumwa walikuwa wametoka, na hilo lilimtosha.

Halafu ikaja habari njema. Jeshi la Farao, Hofra huyo, limetoka Misri. Wakaldayo, yaani hao Wababeli, wakasikia, wakafungasha, wakaondoka Yerusalemu. Mji uliokuwa umefungwa ukafunguka. Watu wakavuta pumzi. Nadhani kulikuwa na ngoma mitaani, na mtu akawaambia wenzake, si niliwaambia? Yule Yeremia alikuwa anatutisha bure.

Na katika siku hizo hizo za nafuu, wale waliopita katikati ya ndama wakawarudisha watumwa wao.

Mfikirieni mwanamke mmoja kati yao. Jina lake hatulijui. Biblia imemweka tu katika neno wajakazi. Ametumika miaka kumi, labda kumi na mitano, ile miaka sita ilishapita na hakuna aliyeitaja. Siku moja anaambiwa nenda, uko huru, tumeapa hekaluni. Anafunga nguo zake chache, anakwenda kwa ndugu zake, analala usiku wa kwanza bila kuitwa. Anazoea. Kisha mlango unagongwa, na aliyesimama nje ni bwana wake wa zamani, naye anamwambia, vita vimekwisha, rudi kazini.

Mungu akazungumza. Sitaisoma aya yote, mtaisoma nyumbani, ila kiini chake ni hiki: ninyi hamkunisikiliza, hamkumtangazia ndugu yenu uhuru, basi mimi nawatangazia ninyi uhuru, uhuru wa upanga, na tauni, na njaa. Nanyi mliopita kati ya vipande vya ndama, nitawafanya kama yule ndama. Anamtaja Sedekia kwa jina. Anasema Wakaldayo walioondoka nitawaagiza warudi.

Wapendwa, tumezoea kuitafuta hukumu ya Mungu katika siku ya msiba. Nyumba ikiungua tunasema, hukumu. Katika habari hii hukumu ilisomwa siku ambayo hakukuwa na askari hata mmoja wa Babeli chini ya ukuta. Ilisomwa wakati wa faraja. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, na ni kweli, nasi tunaimba na kushukuru. Lakini faraja ilipofika Yerusalemu ndipo ilipojulikana agano lile lilikuwa na uzito gani. Katika dhiki kila mtu anaapa. Nimekaa na wagonjwa wengi na nimesikia nadhiri nyingi: Bwana ukiniinua nitarudisha kiwanja kile, nitampa yule mtoto haki yake, nitamlipa dada wa kazi mishahara yake. Na Bwana huwainua. Ahadi ni deni, na mwenye kudai deni hili ni mnyonge ambaye hawezi kwenda popote kushtaki. Tumo humu ndani watu tunaoajiri wasichana wa kazi, vibarua wa shamba na vijana wa kuchunga. Sitasema zaidi ya hapo. Kila mtu anajua daftari lake.

Nieleze kidogo kuhusu siku zile kutoka ardhini, maana ardhi ya Yuda imehifadhi sauti. Mwaka 1935 mwanaakiolojia Mwingereza James Starkey alikuwa akichimba mahali panapoitwa Tell ed-Duweir, ambapo wataalamu wanapatambua kuwa ndipo Lakishi. Katika chumba cha langoni, ndani ya majivu, akapata vigae 18 vilivyoandikwa kwa wino, barua za askari. Katika barua moja mwandishi anamwambia mkubwa wake kwamba wanazitazamia ishara za moto za Lakishi, maana Azeka hawaioni. Lakishi na Azeka, miji ileile miwili iliyotajwa katika Yeremia 34. Na katika barua nyingine, kama wasomi wanavyoisoma, mtu huyo analalamika kwamba maneno ya wakuu yaliyoandikwa kutoka Yerusalemu si mema, yanailegeza mikono ya watu.

Maneno hayo ya kulegeza mikono mtayakuta pia Yeremia 38, ila huko yamegeuzwa. Huko wakuu ndio wanaomshtaki nabii mbele ya mfalme: mtu huyu anailegeza mikono ya askari, na auawe. Kila upande ulimwona mwenzake ndiye anayewavunja watu nguvu. Lakini mmoja tu kati yao alikuwa anasema kweli kuhusu mwisho wa vita.

Wakuu hao wanatajwa: Shefatia mwana wa Matani, Gedalia mwana wa Pashuri, Yukali mwana wa Shelemia, na Pashuri mwana wa Malkiya. Mwaka 2005 na mwaka 2008, Eilat Mazar, mwanaakiolojia wa Israeli, alipata katika Mji wa Daudi vidonge viwili vya udongo vilivyopigwa mhuri, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vya kufungia nyaraka. Kimoja kina jina la Yukali mwana wa Shelemia. Cha pili kina jina la Gedalia mwana wa Pashuri. Vilipatikana karibu karibu. Mihuri yao ipo mpaka leo, na ukiviangalia unaona walikuwa watu wa ofisi, watu wa kutia sahihi na kufunga barua. Na siku moja katika kazi zao za ofisi waliomba kibali cha kumuua nabii.

Sedekia akawajibu nini? Akasema, yuko mikononi mwenu. Mfalme hawezi kufanya neno lolote kinyume chenu. Hayo ni maneno ya mfalme aliyeketi katika kiti cha Daudi. Katika Yeremia 21 Mungu alikuwa ameiagiza nyumba ya Daudi kufanya hukumu ya haki kila asubuhi na kumwokoa aliyeibiwa mkononi mwa mdhalimu. Kazi ya mfalme ilikuwa hiyo. Huyu anasema hawezi. Wakamshusha Yeremia kwa kamba katika shimo la Malkiya, shimo lisilokuwa na maji, tope tupu, naye akazama topeni.

Aliyemtoa ni mtumishi wa ikulu, Ebedmeleki Mkushi. Kushi ni nchi ya juu ya mto Nile, kusini mwa Misri, Sudani ya leo. Ni Mwafrika mwenzetu, towashi katika nyumba ya mfalme wa watu wengine. Mfalme alikuwa ameketi langoni pa Benyamini, mahali pa watu wengi. Ebedmeleki akatoka ikulu akaenda mpaka pale, akamwambia mfalme peupe kwamba watu hawa wamefanya mabaya, na nabii atakufa kwa njaa. Mfalme akampa watu thelathini. Na sasa angalieni alivyofanya, maana Biblia haina kawaida ya kutupa mambo madogo namna hii. Kabla ya kwenda shimoni alipita chini ya hazina ya ikulu, akaokota nguo kuukuu na matambara yaliyotupwa. Akayashusha kwa kamba, akamwambia Yeremia, yaweke kwapani, chini ya kamba. Mtu aliyekonda kwa njaa, akivutwa na kamba kutoka kwenye tope, ngozi yake ingechubuka mpaka mfupa. Ebedmeleki aliliwaza hilo. Kwa nini mtumishi wa kigeni aliweza kusema mchana langoni kile ambacho mfalme hakuweza kusema ndani ya nyumba yake mwenyewe? Yeremia 39 inatupa jibu: Mungu alimwambia Ebedmeleki kwamba ataokolewa, kwa sababu alimtumaini yeye.

Sedekia hakuwa mtu mkatili, hilo niliseme wazi. Alimtoa Yeremia katika gereza la nyumba ya Yonathani, akaagiza apewe mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waokaji mpaka mikate ilipokwisha mjini. Alimwita kwa siri mara kadhaa. Swali lake moja linanitia huzuni kila nikilisoma: je, liko neno lolote lililotoka kwa Bwana? Alitaka kusikia. Alijua mwenye neno ni nani. Shida yake ilikuwa hofu. Aliwaogopa Wababeli, akawaogopa wakuu wake, akawaogopa hata Wayahudi waliokwisha kukimbilia kwa adui. Hofu yake ilikosea mlango. Hakumwogopa yule ambaye kwa jina lake alikuwa ameapa, na wala hakuogopa kilio cha yule mjakazi aliyerudishwa.

Ndipo kikaja kiapo cha tatu. Walikutana katika mwingilio wa tatu wa nyumba ya Bwana, wawili tu. Yeremia akasema, nikikuambia utaniua, na nikikushauri hutanisikiliza. Sedekia akamwapia kwa siri, kama BWANA aishivyo, aliyetuumbia nafsi zetu, sitakuua wala sitakutia mikononi mwa watu hawa. Yeremia akampa neno: ukitoka uende kwa wakuu wa mfalme wa Babeli utaishi, na mji huu hautateketezwa, nawe utaishi na nyumba yako.

Sikilizeni vizuri. Hukumu ilikwisha kutangazwa kwa ajili ya wale watumwa waliorudishwa. Jeshi la Babeli lilikwisha kurudi. Na bado Mungu anamwambia, mlango huu hapa, toka. Wanaosema Mungu wa Agano la Kale ana haraka ya kuangamiza wakae na aya hii kwa muda. Watoto wake, mji wake, hekalu, vyote vilikuwa bado vinaweza kuokolewa na mtu mmoja kutembea hatua chache nje ya lango.

Akajibu kwamba anaogopa kudhihakiwa.

Yeremia akamwonyesha maono: wanawake waliobaki ikuluni wakitolewa kwa wakuu wa Babeli, wakimwambia mfalme, rafiki zako wamekudanganya na kukushinda, miguu yako imezama topeni, nao wamekugeuzia mgongo. Tope tena. Mtu anayesema maneno haya ametoka topeni siku chache tu, nadhani harufu ilikuwa bado iko kwenye nguo zake. Yeye alipozama alipata mtu wa kumvuta kwa kamba na matambara. Sasa anamwambia mfalme kwamba atakapozama yeye hatakuwepo mtu.

Jibu la mfalme kwa maneno yote hayo lilikuwa: mtu yeyote asijue tuliyozungumza.

Mwaka wa kumi na moja wa Sedekia, mwezi wa nne, siku ya tisa, njaa ikiwa imewamaliza watu, ukuta ukabomolewa. Wataalamu wanabishana kama ni mwaka 587 au 586. Usiku ule mfalme na askari wake walitoka kwa njia ya bustani ya mfalme, kwa lango lililo kati ya kuta mbili, wakashika njia ya Araba. Wakaldayo wakampata katika nyanda za Yeriko, jeshi lake likatawanyika likamwacha. Wakampeleka Ribla katika nchi ya Hamathi, huko Siria, mamia ya kilomita kaskazini, ambako Nebukadreza alikuwa na kambi yake.

Huko alisomewa hukumu na yule aliyemwapia kiapo cha kwanza. Wanawe waliuawa mbele ya macho yake. Fanyeni hesabu: alianza kutawala akiwa na miaka 21, akatawala miaka 11. Baba huyu ana miaka 32. Watoto wale walikuwa wadogo. Kisha macho yake yakapofushwa, akafungwa pingu za shaba, akapelekwa Babeli, akakaa gerezani mpaka kufa. Ezekieli alikuwa amesema juu yake kwamba atapelekwa Babeli, lakini hataiona, ijapokuwa atafia huko. Waliolisikia neno hilo mapema bila shaka waliona halina maana.

Na Yehoyakini, yule kijana aliyetoka mwenyewe mwaka 597? Katika magofu ya Babeli, yaliyochimbwa na Mjerumani Robert Koldewey, kulipatikana mabamba ya ghala ya kugawa mafuta. Ernst Weidner aliyachapisha mwaka 1939. Humo limo jina la Yehoyakini mfalme wa Yuda, na posho ya wanawe watano. Watoto watano wa mtu aliyetoka langoni walikuwa hai, wanapimiwa mafuta. Nami nikiyasoma hayo nakumbuka neno lile, utaishi, wewe na nyumba yako.

Mtaniuliza kuhusu kiapo cha tatu. Hicho Sedekia alikishika. Hakumuua Yeremia wala hakumrudisha kwa wale wakuu. Mji ulipoanguka nabii alikuwa hai katika ua wa walinzi. Kiapo pekee tunachojua alikitimiza ni kile alichoapa gizani, ambacho hakikumgharimu kitu mbele ya watu. Na Yeremia 34, sura ileile ya hukumu, ina neno juu ya kifo chake: hutakufa kwa upanga, utakufa kwa amani, nao watakufukizia kama walivyowafukizia baba zako, wakikulilia, ole, Bwana! Mungu hakumnyima mazishi ya kifalme. Mimi sitaki kuliunganisha neno hilo na kiapo kile kwa nguvu, Biblia haijaliunganisha. Lakini limo, na haki ni kulisoma lote.

Bado aya moja, nayo ni Yeremia 39, aya ya 10. Mji umeteketea, nyumba ya BWANA, nyumba ya mfalme na nyumba za wakubwa zimechomwa moto. Waliosalia wanafungwa kupelekwa uhamishoni. Nebuzaradani, amiri wa askari walinzi wa Babeli, anawaacha katika nchi ya Yuda maskini wasiokuwa na kitu, na wakati uo huo anawapa mashamba ya mizabibu na makonde. Maandiko hayasemi kwamba yule mjakazi wetu alikuwa miongoni mwao, nami sitasema. Torati iliwaagiza mabwana wa Yuda kwamba anayeachwa huru asiende mikono mitupu. Apewe katika kundi, na sakafu, na shinikizo. Walikuwa na karne nyingi za kuitii. Mwishowe mashamba yao ya mizabibu yaligawiwa maskini na jemadari mpagani, siku mabwana wenyewe walipokuwa wanaondolewa kwa minyororo.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nakushukuru.